Zipu ya Mkoba wa Zaina

Koboko, Jumanne jioni

Wifi yangu Zaina amenichosha. "Hiyo dawa ya saratani ya hospitali ya Arua iko sumu tu. Imemaliza nywele yako!"

Nikachukua mkoba wake, nikashona zipu yake kwa cherehani. "Fungua." Ikakataa.

"Umeona? Seli ya saratani ikitaka kuzaa nyingine, lazima ifungue uzi wake wa ndani, ile DNA, kama zipu. Dawa inaushona. Seli inakwama, inakufa. Seli ya nywele nayo inazaa haraka, ndiyo maana inashikwa pia."

Akachukua wembe wangu, akafumua mshono wote. "Na kama hiyo seli iko na wembe?"

Hilo ndilo ninaloliogopa mwenyewe.

Nikaurudisha mkoba chini ya sindano. "Ndiyo maana Alhamisi narudi kwa dripu nyingine. Ikifumua, tunashona."

Zaina akanishikia kitambaa cha mkoba kinyooke, nishone.