Peremende za Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Nimefeli tena. Mara ya tatu! Tuko juu, najiona rubani kamili, mara mwalimu anarudisha gesi nyuma na kusema kwa upole, kama anayeomba chumvi, kwamba tuchukulie injini yangu imekufa, nitue. Nikababaika. Nikachagua shamba, nikaliacha, nikachagua jingine, nikajikuta naelekea bwawani. Akaongeza gesi mwenyewe, tukapanda. Kanipa mpaka Jumanne ya wiki ijayo. Nikishindwa, hanisainii kuruka peke yangu, na nafasi yangu anapewa mwanafunzi mwenzangu, yule daktari wa meno anayejisifu.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua kitu! Kabla ya kuniulia injini, mwalimu hutia mkono mfukoni mwa shati, akamenya peremende, akaila. Kila mara. Nadhani anatuliza moyo, maskini. Leo nimeuona mkono unakwenda mfukoni, na kabla hajagusa gesi nilikuwa nimeshachagua shamba. Akasema nina jicho kali. Nikamjibu ni mafundisho yake tu. Sina haya.

Alhamisi, 6 Machi

Mama kauliza pakiti nne za peremende ni za nini. Za mwalimu, nikasema — zisimwishie. Akaguna. Mama akiguna vile, kichwani ameshapanga mpaka harusi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempelekea. Kafurahi mpaka nikaona aibu, kidogo. Mazoezi mawili, yote safi.

Fundi wetu, anayeiita ndege Shangazi kwa sababu ni ya zamani na inataka adabu, alinivuta kando. Mvua hizi zimeacha unyevu hewani, alisema. Kila nikitaka kupunguza gesi nivute kwanza kivuto cha joto, kile kinachopeleka hewa ya moto kwenye kabureta, la sivyo kabureta itashika barafu na injini itakosa pumzi. Barafu, na jua hili! Nikaitikia ndiyo babu, ndiyo babu, huku jicho liko kwenye mfuko wa mwalimu.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nimekaa chini ya bawa la Shangazi, katikati ya shamba la mahindi lililokwisha vunwa. Tu wazima. Naandikia gotini, mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Ilikuwa hivi. Nusu saa hewani, mwalimu hajagusa mfuko. Namtazama — hakuna. Nikapunguza gesi tuanze kushuka, macho yangu bado kifuani kwake, kivuto cha joto sikukikumbuka kabisa. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikaishiwa nguvu. Mwalimu mikono yote iko magotini. Na mimi, mjinga wa kuzaliwa, nikapayuka:

"Lakini hujala peremende!"

Akanigeukia taratibu. "Nimeacha. Daktari wa meno kanikataza. Tua, mwanangu, haya si mazoezi."

Hajawahi kuniita mwanangu. Nikavuta kivuto, nimeshachelewa. Nikashusha pua, nikachagua shamba moja na kulishikilia hilo hilo. Niliogopa mpaka masikio yakaziba. Tukadunda mara mbili, tukasimama. Nimetua! Mimi, bila peremende!

Furaha haikudumu. Mwalimu alimpigia fundi simu, nikamsikia babu wa watu akiapa kwamba plagi alizisafisha kwa mikono yake jana, kwamba ataifungua injini nzima, na kosa likiwa lake anaacha kazi leo leo. Mwalimu akakata simu, akanipa kalamu na fomu mbili. Ya kwanza ni ya kuruka peke yangu, hajasaini. Ya pili inauliza sababu ya injini kuishiwa nguvu. Kama ilikuwa barafu imeshayeyuka, alisema, fundi hataikuta. Nijaze mwenyewe, naye akishaisoma ndipo atajua la kufanya na ile ya kwanza. Akaenda kuzungumza na mwenye shamba.

Ningeweza kuandika "haijulikani". Neno moja tu, na wiki ijayo niko angani peke yangu, daktari wa meno ananitazama toka chini. Ila fundi atafungua injini nzima akitafuta kosa lake ambalo halipo. Babu yule, na magoti yake yanayomuuma.

Gari la fundi nimeshaliona, linayumba kwenye matope. Kwenye fomu nimeandika maneno mawili ya kwanza ya ukweli: Nilikuwa natazama

Mwalimu anarudi. Ananitazama mimi, anaitazama fomu. Mkono unakwenda mfukoni — safari hii siutazami, namalizia fomu.