Kishali Juu ya Kisanduku

Kwa dada yangu Moinaesha, Ambanoro.

Nakusalimu, dada, na kukuuliza hali. Mguu unaendeleaje? Shemeji, kifua kimemwachia? Mwanao Abudu na duka lake la simu je, na mkewe keshajifungua? Shangazi yetu bado anagombana na kuku wa jirani? Sisi hapa Mahajanga wazima wa mwili. Moyo ndio sio mzima.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha bibi yetu kusudi watoto huko wasiweze kusoma. Nina aibu, dada.

Unajua mwanangu Anli ndiye aliyeniombea kazi ya kufagia ofisini kwao. Juzijuzi zimeletwa kompyuta kubwa mpya, wanaziita seva, zimejaa kabati zima. Zinakuja tupu. Anli alinieleza mpaka wali ukapoa: ukiiwasha moja, inaita kwenye waya, nani atanipa namba, na kazi yangu nikaichukue wapi? Mashine ya Anli inaijibu, inaipa namba na kuionyesha pa kuchukua kila kitu, nayo inajipanga yenyewe bila mtu kuigusa.

Basi mimi na tamaa yangu. Kile kisanduku cha intaneti alichonipa Abudu nilipoondoka, nilikichomeka kwenye tundu la waya wao, chumba cha mifagio, nipate kukuona uso kwenye simu nikipumzika. Nikakifunika kwa kishali ulichonitumia, kisiingie vumbi. Sikumwuliza mtu, maana nilijua watakataa.

Kumbe nacho kinagawa namba. Mashine ikiita, kisanduku changu kinawahi kujibu, kinaipa namba, lakini pa kuchukua kazi hakipajui. Moja inakubali, nyingine zinabaki na kioo cheusi. Anli halali, na mimi nampikia uji namwambia, "Mwanangu, labda zimeletwa mbovu."

Alhamisi Anli na wenzake wakaufuata waya mpaka chumba changu cha mifagio. Mkuu wa ofisi akakinyanyua kisanduku na kishali chake. "Mama, wewe ndiye unafagia humu. Hiki cha nani?"

Nikasema, "Sikijui."

Dada, nilikuwa nimejifunga saluva, nguo pacha ya kishali kilekile. Maua yaleyale. Mkuu katoka Antananarivo, nguo zetu za pwani hazitazami. Anli alitazama.

"Ni changu, mkuu," akasema. "Nilikuwa najaribu kitu, nikasahau."

"Wiki nzima tunamtafuta mchawi, kumbe ni wewe?"

Wenzake wakacheka. Mimi nimesimama na ufagio. Mkataba wake unakaribia kwisha, na mkuu anasema sasa itabidi afikiri kama atamwongezea.

Nyumbani Anli hakunisema. Alikifua kishali kwa mkono wake, akakikunja, akakiweka juu ya mto wangu. Afadhali angenipigia kelele.

Jumatatu nitavaa vyote viwili, saluva na kishali chake, niingie kwa mkuu. Kishali amekishika mwenyewe, atakijua.

Nisalimie shemeji, na mwalimu wa chuo aliyemsomesha Anli, na jirani yetu muuza samaki. Abudu mwambie tu kisanduku hakijavunjika.

Wakinifukuza, chumba changu cha nyuma hapo kwako bado kitupu? Nijibu upesi, dada, kwa barua. Simu siwezi kuishika kwa sasa.

Mdogo wako,
Zaliha, mama yake Anli