Mgongo wa Somoe

Jumapili, 2 Septemba 1973

Wewe Zuhura, umevunjika mguu? Mwezi mzima huonekani. Kutoka huko chuo kikuu hadi Temeke ni basi mbili tu, si safari ya Kigoma. Nakugombeza humu daftarini kwa sababu sauti yangu haifiki huko, wala humu husomi. Daftari langu mwenyewe. Mwalimu wa kisomo katuambia sie tuliojua herufi uzeeni tuandike kila mara, la sivyo zinakimbia. Basi naandika.

Nilipika mbaazi za nazi, nikamwekea mjukuu. Mjukuu hakuja. Nimezila zote kwa hasira. Tumbo limejaa.

Shaaban imeingia, kila nyumba harusi, watu wanawahi mfungo. Hata Issa mchonga vinyago kapeleka posa. Mkewe Somoe hajatimiza mwaka kaburini. Kwa nani, bado sijasikia.

Jumamosi, 8 Septemba

Kaja! Kakonda. Huko chuoni wanakula nini, karatasi? Kaniamkia, kanikumbatia, nikasahau matusi yote niliyomwandalia.

Anasema mwalimu wao aliwapa kazi. Kila mwanafunzi aandike insha au hadithi juu ya jambo la haki na batili linalomsumbua moyo. Yeye kaandika hadithi. Kaisoma ukumbini. Wenzake wamempigia makofi, wengine wamesimama kabisa. Nikaona fahari. Nikamwambia, nisomee na mie. Ya Kiingereza. Akawa anaigeuza kidogo kidogo.

Bora nisingeomba.

Hadithi yenyewe hii: mwanamke kafa, mke wa mchonga vinyago. Bibi mmoja anamuosha, mjukuu anashika maji. Mgongo. Mbavu. Alama za mpini wa tezo ya kuchongea, mpya juu ya kuukuu. Bibi anafunika, anafunga sanda, anatoka nje, anawaambia watu marehemu alikuwa na nuru usoni. Basi. Hadithi imekwisha.

Siku tuliyomuosha Somoe nilikosa wa kunishikia maji. Nikamwita Zuhura, mwanamke mzima, damu yangu. Nikamwambia mlangoni: la humu linabaki humu. Mwosha akisema alichokiona, si mwosha tena, ni mwizi wa sanda. Akaitikia, ndiyo Bibi.

"Lakini nimebadili jina," ananiambia leo.

Umebadili jina, mgongo umeuacha.

Nilitoka uani nikatapika. Si maneno ya kusema tu, nilitapika kweli. Makofi! Wamekaa kwenye viti, wameshiba, wamepigia makofi maiti.

Jumapili, 9 Septemba

Tumegombana asubuhi.

"Bibi, siri hii inamlinda nani? Somoe au Issa?"

"Inamlinda Somoe asionekane uchi. Wewe umemvua mbele ya watu wasiomjua, kwa lugha asiyoijua. Na hapa mtaani anapoishi Issa, umesema nini? Hata kuku hujamwambia."

Akaisogeza chai yake kando. Nikadhani nimeshinda. Kumbe anavuta pumzi.

"Basi tumefanana, Bibi. Mie nimesema pasipo na faida, wewe umenyamaza pasipo na faida."

Nikamfukuza. Kaondoka bila chai. Mtoto hana adabu. Nimemlea kwa mihogo na maji ya kisima, leo ananipima mizani kama pilipili ya gengeni.

Chai yake ilipoa mezani. Sikuimwaga. Sikuinywa.

Jumatano, 12 Septemba

Ni Tatu.

Posa ya Issa imekwenda kwa Tatu, binti wa Bi Mwajuma, nyumba ya tatu kutoka hapa. Mtoto anacheka hadi majogoo wanaitikia. Ndiye anayenitekea maji goti likinikaza. Bi Mwajuma kakubali. Mjane, watoto wengi, na Issa vinyago vyake vinanunuliwa na wazungu. Anamwona mkwe wa maana.

Issa mwenyewe kapita kuniamkia. Nywele zimejaa vumbi la mpingo. "Shikamoo Bibi. Niombee dua, sasa napata wa kunipikia." Kanipa mkono. Nikaitikia marahaba. Neno lilinitoka kama kohozi.

Nimeosha ule mkono kwa majivu. Bado naona kinyaa. Namwonea kinyaa yeye, naonea kinyaa mkono wangu, naonea kinyaa swali la Zuhura lililonikaa kooni kama mwiba wa changu.

Ijumaa, 14 Septemba

Nimefua. Vilivyokuwa safi nimevifua pia.

Jumamosi, 15 Septemba

Kula siwezi. Nimekaa nikiwaza. Nikisema nilichokiona, nimevunja amana ya maiti, na Mungu ataniuliza. Nikinyamaza, nitakuja kumuosha Tatu.

Hilo la pili nimeliandika mara mbili, nikalifuta mara moja. Libaki.

Jumatatu, 17 Septemba

Wameleta sinia.

Anayejua ada zetu anajua. Mwali akipata mchumba, mama yake humletea kungwi sinia: khanga mpya doti moja, udi, tambuu. Kungwi akipokea, mwali ni wake, atamfunda hadi siku ya ndoa. Hapa mtaani mabinti wengi nimewafunda mie. Sinia halirudi. Sijawahi kurudisha, na mama yangu hakuwahi.

Bi Mwajuma mwenyewe kaja nalo, na shangazi wawili nyuma, vigelegele tangu njiani. Majirani wametoka vibarazani. Tatu kabaki kwao, kaona haya.

"Mama, mwanao huyo. Mfunde, mtie akili, maana hapa ana kicheko tu."

Nikalifunika sinia na kawa lake. Nikamrudishia mikononi.

Shangazi mmoja, mdomo bado wazi na kigelegele ndani yake.

"Mama, tumekukosea? Khanga hii hukuipenda? Nibadilishe?"

"Khanga nzuri. Tafuta kungwi mwingine."

"Kwa nini lakini? Mbele za watu! Tatu ana nini?"

"Tatu hana kitu. Tatu dhahabu."

"Basi kwa nini?"

"Nilimuosha yule wa kwanza."

Sikuongeza. Kila mtu mtaani anajua nilimuosha Somoe, si siri hiyo. Bi Mwajuma kanitazama. Kanitazama tena. Nikaona likimwingia, polepole, kama maji kwenye udongo mkavu. Sinia likainama upande, udi ukamwagika kizingitini kwangu. Hakuuokota.

Nimekaa mkekani nalia kama mtoto. Mtu mzima mie.

Alhamisi, 20 Septemba

Posa imerudishwa. Issa kaja na kelele, hata shikamoo hana.

"Umewaambia nini wewe kikongwe? Umewaambia nini juu yangu?"

"Juu yako sijasema neno. Nimesema nilimuosha mkeo. Hujui kama nilimuosha? Kafuri ya kumuoshea ulinunua wewe."

"Sema basi ulichokiona! Sema!"

"Taja wewe. Unakijua."

Majirani wamejaa. Walisubiri ataje. Akaona watu wanavyomtazama. Akageuka, kaondoka na mabega yake makubwa. Uchafu mtupu. Nilitamani kudeki pale aliposimama. Nikadeki.

Jumapili, 23 Septemba

Mtaa wa pili kafa bibi mmoja, mwenzangu wa kisomo. Wamemwita mwosha kutoka Tandika. Nilisikia vilio, nikavaa baibui, nikasubiri kuitwa. Sikuitwa. Wengine wanasema mie ni mwosha anayesema. Wengine wanasema sikusema. Nimevua baibui, nimelikunja.

Tatu kaja adhuhuri. Hajacheka. Kalia, kwa sababu aibu ya posa kurudi ni yake, si ya Issa. Sikumwambia lolote, naye hakuuliza. Tumechambua mchele pamoja mpaka kivuli kikavuka ua. Kisha kaosha sufuria, kaenda kwao.

Zuhura, sijui kama nilikosea. Nakuonea hasira bado, na nakutaka hapa. Ukija, usije kwangu moja kwa moja. Teremka makaburini kwanza, kaa kando ya Somoe, umwombe radhi kwa sauti ya chini. Halafu njoo ule.