Sikubeba Kitu Kichwani

Jumatatu, 3 Machi 1986
Dawa ya jicho asubuhi, kama kawaida. Matone mawili. Moja lilikosa njia likaingia puani. Nikavaa miwani, nikatoka nje kuangalia kilima cha Nzaui. Kipo. Kila asubuhi nahakikisha, utadhani kuna mtu anataka kukiiba.

Wiki tatu na siku mbili tangu nitolewe mtoto wa jicho. Miwani ni mizito kama kitako cha chupa na inakuza kila kitu. Jana niliona jogoo nikafikiri ni bata mzinga. Nikinyoosha mkono kushika kikombe nashika hewa. Mueni, mke wa mwanangu, anacheka mpaka anakaa chini. Acha acheke. Meno yake nayaona sasa, na yana pengo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia.

Jicho la kushoto lilikufa zamani, mwiba wa mgunga. Hili la kulia ndilo nililo nalo. Miaka minne lilikuwa ukungu mtupu. Sasa naandika! Daftari jipya, na mistari naiona.

Jumanne, 4 Machi
Leo mwethya, siku ya kazi ya pamoja. Kikundi chetu cha wanawake kinachimba silanga, bwawa la udongo, bondeni, tukinge maji ya mvua ambayo haiko mbali. Miaka minne mimi ni mwenyekiti wa kupika uji. Leo waliponiona nashuka bila kushikwa mkono, waliimba. Nikawaonyesha mahali ukuta umelegea. Hakuna aliyekuwa ameona. Mimi niliona!

Nesi wa hospitali ya misheni alinikataza mambo mawili: kukaa kwenye vumbi, na kubeba kitu kichwani mpaka miezi miwili iishe. Alirudia mara mbili. Nilicheka moyoni. Nesi ni mtu wa Nyanza, kwao mtungi hukaa juu ya kichwa bila hata kushikwa. Sisi wa Ukambani mzigo hukaa mgongoni na mukwa, mkanda wa ngozi, hupita kwenye paji la uso. Kichwani sijabeba kitu tangu nizaliwe.

Vumbi nitajifunga leso. Nimeutoa mukwa wangu kwenye msumari. Ngozi ya ng'ombe wa mahari yangu mwenyewe. Umekauka. Nimeupaka mafuta mpaka ukalainika.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebeba maji! Mtungi wa lita ishirini, kutoka mtoni mpaka mlangoni, bila kupumzika. Halafu miwili zaidi ya kikundi. Mueni alisimama njiani, mikono kiunoni.

"Mwaitu, mama, si daktari alikataza?"

Nikamwambia walikataza kichwani. Akanipisha njia. Huwa namwita mama wa kujua yote, leo mimi ndiye niliyejua. Shingo inauma. Paji lina alama ya mkanda. Sijasikia raha namna hii tangu nifiwe na mume wangu.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani nilishuhudia. Nikasoma zaburi mwenyewe, nzima, bila kusaidiwa. Makofi. Wengine walilia.

Niliporudi kuketi, pembeni mwa jicho kitu kikawaka. Kama kiberiti kinachowashwa kikazimika. Mara mbili. Itakuwa hii miwani. Kioo ni kinene mno.

Jumanne, 11 Machi
Nzi. Nimewapiga nzi siku nzima. Mueni akauliza napiga nini. Nikamwambia nzi. Akasema hakuna nzi, mwaitu. Nikamkasirikia.

Kisha nikafumba jicho, na nzi bado wapo.

Sijamwambia. Nikimwambia ataficha mukwa, na silanga imebaki kidogo tu. Leo mitungi mitatu.

Jumatano, 12 Machi
Masizi. Kama mtu amekung'uta sufuria nyeusi ndani ya jicho. Naogopa. Bado sijasema. Mimi ni mjinga na najua ni mjinga.

Alhamisi, 13 Machi
Nzaui haina miguu.

Kilele kipo, chini hakuna kitu. Nikadhani ni ukungu wa asubuhi. Saa nne ukungu wa watu wote umeondoka, wangu umebaki. Sasa ni saa sita na umefika kiunoni mwa kilima. Giza linapanda kutoka chini kama maji yakijaa silanga. Herufi hizi naziona nikiangalia katikati tu. Namwita Mueni.

Ijumaa, 14 Machi
Nairobi, wodini. Nimelala chali, daftari nimeliinua juu ya uso. Kalamu imekataa kuandika ikielekea juu, Mueni amenitafutia penseli.

Jana hakunigombeza hata kidogo. Alinipeleka Matiliku mbio. Mganga wa zahanati akamulika jicho, akatuambia Nairobi, leo hii, na njia nzima nilale chali. Nikae nitulie kama yai. Katikati ya jicho bado ni pazima, giza likifika hapo basi.

Utalalia wapi ndani ya basi? Sokoni, Abdi alikuwa anamalizia kupakia mbuzi. Mfanyabiashara kutoka kaskazini mashariki, tunamjua kwa sura tu. Mueni akamshika mkono wa kanzu, mwanaume asiyewahi kusema naye, akamweleza huku analia. Abdi akashusha mbuzi kumi na wawili kutoka kwenye lori.

"Mama alale," alisema. "Mbuzi watangoja."

Godoro la kuazima zahanati likawekwa mbele ndani ya lori, limefungwa kwa mukwa ambao Mueni alikuja nao kikapuni, lisiteleze. Mueni alinishika kichwa kwa mikono miwili, kila shimo akilisema kabla hatujalifikia. Mbuzi waliobaki ndani walinilamba nyayo. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Mpaka Emali nilikuwa naona uso wa Mueni wote isipokuwa kidevu. Baada ya Emali mdomo ukaanza kuondoka. Nikamwambia usiache kuniinamia, nataka kujua umebaki kiasi gani. Barabara ya lami ilikimbia chini yetu na mimi nikaomba Mungu aniachie macho ya Mueni na pua, hata pua tu.

Daktari ni kijana. Akaangalia kwa taa kali mpaka machozi yakanitoka. Akasema ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho, ile inayopokea picha, ina tundu na imebanduka kama rangi kwenye ukuta wa unyevu.

"Mama, ulibeba mzigo?"

"Sikubeba kitu kichwani."

Mueni alifungua kikapu akatoa mukwa, akamwekea mezani. Daktari akauvuta kwa mikono, akaangalia paji langu. Alama bado ipo. Niliona aibu mpaka miguuni.

Hakunikemea. Alisema huenda ni mzigo, huenda siyo. Baada ya operesheni kama yangu hutokea hata kwa mtu aliyelala kitandani. Lakini aliniuliza nilianza kuona viberiti na nzi siku gani. Nikamwambia Jumapili. Akauliza leo ni siku gani.

Jumamosi, 15 Machi
Wananipeleka chumba cha upasuaji. Nimeyaona macho ya Mueni. Mdomo sikuuona.

Jumanne, 1 Aprili
Siku kumi na saba sikuandika. Kitambaa machoni, kichwa kimetulia. Nilisikia mvua ikipiga madirisha na nikaitaja silanga yetu mpaka nikamchosha kila mtu wodini.

Leo nimeruhusiwa miwani na daftari. Kidevu cha Mueni kimerudi! Kina kipele. Nimemwambia, akalia, nikamwambia kipele si kitu cha kulilia.

Mistari ya chini imepinda kidogo, kama imelowa. Daktari anasema huenda ikanyooka, huenda isinyooke. Wameshona kamkanda kuzunguka jicho lenyewe, kakalibana ili ngozi ile ishike. Hakatatolewa. Nikamwambia huo ni mukwa. Alicheka mpaka akavua miwani yake. Kisha akaacha kucheka, akaandika barua kwa hospitali ya misheni: wagonjwa wa Ukambani waambiwe wasibebe kichwani, mgongoni wala kwa paji la uso.

Alhamisi, 10 Aprili
Nyumbani. Nzaui ina miguu, imepinda kidogo.

Silanga imejaa. Wanawake walinishusha bondeni polepole, nikaona maji ya kahawia mpaka ukingoni, na ule ukuta niliowaonyesha umesimama. Niliwaeleza yote, hata nzi. Hakuna aliyecheka.

Jioni Mueni alichukua mukwa wangu kwenye msumari bila kuniuliza. Nilitaka kukataa. Nikamwachia. Nilimfuata kwa jicho mpaka njia inapokata kona, na aliporudi nilimwona tangu konani, ameinama, mkanda kwenye paji. Alimimina maji, akanipa kikombe. Nilikishika mara ya kwanza bila kukosa.

Nikamwambia asante. Sijui kama nimewahi kumwambia.

Mukwa umerudi kwenye msumari, umelowa. Maji yanadondoka kutoka kwenye ngozi. Nimekaa nayaangalia, tone moja moja, na kila tone naliona.