Nimshukuruje Jirani Aliyetushtaki?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana moyo umenijaa shukrani na sina pa kuzipeleka.

Mimi na mume wangu ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na bei ya maziwa ilipoanguka tukaona tusife njaa huku tuna banda kubwa la zamani la kuwekea majani makavu, basi tukalifagia, tukalipaka chokaa, tukafunga taa, tukaanza kulikodisha kwa sherehe, na watu wakalipenda kweli, ila kibali cha kugeuza banda la shamba kuwa ukumbi hatukuomba, mume wangu alisema, "Shamba letu, banda letu, tumwombe nani ruhusa?" nami nikanyamaza kwa sababu mdogo wangu wa kike alishaamua kuolewa humo humo.

Siku moja kabla ya harusi, vitambaa vimeshatundikwa, akaingia afisa mipango wa halmashauri, dada mmoja mpole mwenye buti za matope, akasema jirani yetu amelalamika kwamba magari ya wageni yanaziba njia anayopitishia ng'ombe wake kwenda kunywa maji, akazunguka, akagonga nguzo ya katikati, ikalia kama debe tupu, akaibonyeza na kidole kikazama, kumbe mchwa wameila yote wametuachia rangi, akalifunga banda hapo hapo, harusi tukaifanyia malishoni juani, na mume wangu akaapa hatamsalimia mchongezi yule mpaka kufa.

Wiki iliyofuata upepo ukavuma mchana, paa lote likashuka, mimi nilikuwa kisimani, nikaja mbio nikamkuta jirani ameshafika, anavuta mabati kwa mikono mitupu, damu zinamtoka, anaita, "Mama Maziwa! Mama Maziwa, uko wapi?" alidhani nimefukiwa, na aliponiona akayaachia mabati akakaa chini, lakini kabla sijafungua mdomo mume wangu akatokea akamfokea, "Umekuja kucheka?" na yule mzee akainuka akaenda zake.

Sasa mume wangu ameiziba ile njia ya ng'ombe kwa miiba, na anasema nikienda kumshukuru nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu. Mshauri, paa lile lingeweza kushuka siku ya harusi, ndugu zangu wote wakiwa chini yake. Nifanyeje?

Mama Maziwa

*

Mama Maziwa, pole, na hongera kwa kuwa na wa kumshukuru.

Kwanza nikugombeze. Shamba ni lenu, nani kabisha? Lakini siku mlipoalika watu waje kucheza humo, halikuwa tena banda la majani. Majani yakiangukiwa na paa hayana msiba. Kibali mlichokiona usumbufu ndicho kingemleta yule dada mapema, mkabadilisha nguzo na bibi harusi akacheza ndani. Na wewe ulijua, ukanyamaza.

Mumeo hana hasira, ana aibu, na aibu ya mwanamume hupenda kuvaa koti la hasira. Usimpigie kelele. Mshike mkono, mpeleke kwenye ile nguzo iliyoanguka, mwambie aibonyeze mwenyewe. Kisha muulize, "Mama mkwe wako angekaa upande gani siku ya harusi?" Unyamaze, umwache ajibu.

Miiba iondoke leo. Shukrani ya punda ni mateke, na ng'ombe wa watu hawakumkosea mtu. Mumeo akikataa, mwambie wazi kwamba unakwenda, halafu uende mchana kweupe. Usinyemelee kama mwizi, hujaiba.

Mkitaka ukumbi tena, anzeni na fundi anayejua mbao, kisha halmashauri mkaombe kubadilisha matumizi ya jengo. Ila kabla ya kuchora ramani, muulize jirani magari yakae wapi. Wala usimpelekee maziwa ili asilalamike tena. Kulalamika ni haki yake, na safari hii haki hiyo imewaachia nyinyi ukoo mzima.

Basi nenda. Akikukaribisha chai, usiseme una haraka. Kaa.