Harambee ya Nyota

Section 58, Nakuru
14 Aprili 2025

Kwa mwanangu Yaseen,

Assalaam aleikum. Natumai ujumbe huu utakukuta mzima huko Sharjah, na kwamba lile joto halijakumaliza. Sisi hapa hatujambo, ila goti langu la kushoto limeanza maneno yake tangu mvua ianze. Idi ilipita salama, alhamdulillahi.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nyumba hii ukiongea jikoni unasikika mpaka uani. Na ninayotaka kusema si ya uani.

Biashara imekufa, Yaseen. Wakati wa Ramadhani nilijiambia watu wamefunga, nani ataoa? Sasa Shawwal imefika, mwezi wenyewe wa harusi, na simu ya biashara iko kimya. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nakataa kazi. Watu walituona Google wakapiga, hata wale wa ruracio, sherehe za mahari za Wakikuyu, kutoka Njoro na Molo, wakitaka pilau iliyopikwa na Mwislamu. Sasa sufuria kubwa zimefunikwa gunia.

Na usidhani nimekaa bure. Kabla ya Ramadhani chama chetu cha kina mama kilikutana hapa kwangu. Mugure, jirani yetu, akasema kuna hoteli ya town inatuzidi nyota kwa Google, na siku hizi mteja huangalia nyota kabla ya kuangalia chakula. Basi tukafanya harambee. Vile tunavyomchangia mgonjwa, tukachanga nyota. Kila mama alitoa tano zake hapo hapo sebuleni. Asiye na bundles nilimpa WiFi yetu, na wale wenye simu za mulika mwizi, zisizoingia mtandaoni, tuliwafungulia akaunti kwa simu yangu. Tukala, tukafunga kwa dua. Kwa hivyo usiniambie website ndiyo mbaya. Kila asubuhi naandika jina letu, Jiko la Hadiya, na tunatokea wa kwanza.

Sasa nikwambie ninachokiona. Simu ya biashara haiiti, lakini ya mkeo inaita. Sundus akiishika anatoka nje. Zile video anazoweka TikTok, mikono yake ikichambua mchele na kugeuza wali, zinatazamwa na watu wengi, na juzi mwanamume alibisha hapa akimuulizia "yule dada wa TikTok". Hakumuulizia Hadiya. Mimi nimepikia mji huu tangu hujazaliwa.

Sisemi neno. Nauliza tu.

Mama yako


Sharjah
17 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Waaleikum salaam. Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi ya ghala ni ile ile, na joto tumeshazoeana. Pole sana na goti. Usilipandishe ngazi bila sababu, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia usiiweke tu kabatini.

Mama, ondoa hilo wazo. Sundus anatoka nje kwa sababu mtandao haushiki vizuri jikoni kwako. Hata mimi nilikuwa nikitaka kuongea nasimama karibu na tangi la maji. Na hizo video ndizo zinazoleta watu siku hizi, afadhali ziendelee.

Ila kuna kitu kimoja. Ukiandika jina letu lazima tutokee wa kwanza, kwani nani mwingine anaitwa Jiko la Hadiya? Anayeandika jina letu tayari anatujua. Mgeni anayetafuta mpishi hajui jina, anaandika tu "outside catering Nakuru". Hapo ndipo tulipokuwa tunapata watu. Chukua simu ya mtu mwingine, maana yako imeshakuzoea na inakuonyesha unachopenda, uandike hivyo, halafu uniambie umeona nini. Mimi nikijaribu huku naletewa wapishi wa Sharjah.

Nisalimie Mugure na kina mama wote wa chama.

Mwanao


Section 58, Nakuru
22 Aprili 2025

Mwanangu,

Assalaam aleikum. U hali gani? Mimi goti limepungua kidogo, ingawa moyo ndio sasa unauma.

Nimefanya ulivyosema. Mugure alitoa simu yake akavaa miwani, akaandika. Tukashuka, tukashuka. Kuna hoteli, kuna kampuni za mahema, kuna hata kijana wa Kaptembwo anayepikia watu kando ya barabara. Sisi hatupo. Tukafungua ramani. Pale nyumba yetu ilipokuwa na jina na picha ya biriani, kuna gereji na kinyozi, na katikati yao hakuna kitu. Wameturuka kama tumekufa.

Sasa nikuulize, nani ana password? Ulipoondoka ulimwachia mtu mmoja.

Halafu Mugure akafungua zile video. Namba iliyoandikwa chini si ya biashara, ni ya Sundus mwenyewe. Nikakumbuka kwamba harusi mbili tulizopika Shawwal hii zote kazileta yeye. Nilikuwa nimemshukuru. Kumbe ndio ujanja, anakumegea kidogo usishtuke. Mugure ananiambia binamu yake alikuwa na duka la nguo, msichana aliyemwendeshea page akaondoka siku moja na wateja wote, na page yenyewe. Sasa binamu anauza viazi.

Kikulacho ki nguoni mwako, Yaseen. Simfukuzi mtu. Lakini wewe ndiwe mumewe, na funguo hazikai kwa mtu ambaye hatuna hakika naye. Mwombe hizo password.

Mama yako


Sharjah
25 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Natumai umeamka salama na goti linaendelea vizuri. Mimi sijambo, ingawa usingizi umenipaa.

Jana nilimpigia Sundus nikamwomba password. Nilimwambia ni kwa usalama wa biashara tu. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akasema, "Sawa," akakata. Baada ya muda zikaja zote, ya website, ya Google, ya email, moja chini ya nyingine, bila hata salamu. Akaniongezea na ya TikTok yake ambayo sikuwa nimeiomba.

Mama, nilitaka ajitetee. Mtu asiye na neno si angeuliza kwa nini? Huko kunyamaza kwake ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko yote uliyoniandikia. Sijazifungua bado. Nikirudi kutoka kazini nazitazama, halafu naiweka simu chini, kwa sababu naogopa nitakachokuta.

Amekwambia lolote? Akitoka, huwa anaenda wapi? Niandikie, na usimwonyeshe kwamba nimeuliza.

Mwanao


Section 58, Nakuru
4 Mei 2025

Mwanangu Yaseen,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima. Mimi nipo tu.

Sundus ameondoka. Asubuhi aliosha sufuria zote, hata zile ambazo hazikuwa chafu, akaning'iniza aproni mlangoni, akaweka ufunguo wa stoo mezani na kuniaga kwamba anaenda kwa mama yake, mtaa wa Rhonda. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema, "Muulize Yaseen." Sikumfukuza, Mungu ni shahidi. Wala sikumzuia.

Nilijiambia, asiye na hatia hakimbii. Nikakaa kusubiri wateja wangu warudi, wale niliodhani amewageuza. Hawajarudi. Wala hakuna tena anayebisha kumuulizia dada wa TikTok. Jepkoech, anayekuja kumenya vitunguu, nimemwambia akae kwao kwanza mpaka nimwite, na nimeona aibu kumwambia, kwa sababu ana watoto. Nyumba imekuwa kubwa.

Nawe umenyamaza tangu siku ile. Fungua hizo password. Nataka kujua amechukua nini, na amekipeleka wapi.

Mama yako


Sharjah
20 Mei 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Afya ninayo. Soma haya ukiwa umekaa, na uwe peke yako.

Nilishindwa kufungua mwenyewe, nikampa Ogada, yule rafiki yangu wa huko Nakuru tuliyetengeneza naye website. Aliangalia, akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaniambia, "Hakuna mtu amewaibia. Ni zile nyota."

Mama, nyota tulizokuwa nazo zamani zilikuja mojamoja, kutoka kwa watu waliokula harusini wakarudi makwao. Siku ile ya chama zilimiminika alasiri moja, kutoka nyumba moja, WiFi moja, nyingine kutoka simu moja, na karibu zote zimeandikwa "chakula kitamu sana Mungu awabariki". Ogada anasema ukizitazama hazina tofauti na zile za kununua, ambazo matapeli huwekea biashara zao. Mtambo wa Google haujui harambee. Uliona mwenye duka anajisifu kwa midomo mingi, ukatutoa kwenye ramani. Hatukuonewa. Ndiyo sheria yao kwa kila mtu.

Laiti ingeishia hapo. Sundus alikuwa ameshayajua hayo. Mwezi wa Machi alienda kwa Ogada na saumu yake, akamuuliza jinsi ya kutuombea turudishwe. Tangu wakati ule amekuwa akituma maombi, na picha za kibao chetu na leseni yako. Alimsihi Ogada asituambie, wewe wala mimi. Alisema ukijua ni chama chako kilichofanya hivyo, hutaweza kuwatazama wale kina mama usoni.

Na namba yake kwenye video, nilimuuliza Ogada kuhusu hiyo pia. Sundus alimwambia kwamba simu ya biashara unakaa nayo wewe, na namba usiyoijua ikipiga unaitikia, "Nani kakupa namba hii?" Wateja walikuwa wanakata. Kwa hivyo akaweka yake, ili watu wasipotupata Google watupate kwake. Zile harusi mbili hakukumegea. Ndizo zote alizopata, na alizileta jikoni kwako.

Nimempigia mara mbili, hashiki, na nimeona aibu kuendelea. Mama, nakuomba uende Rhonda. Mwambie nimejua. Mwambie arudi nyumbani.

Mwanao


Section 58, Nakuru
27 Mei 2025

Kwa mwanangu Yaseen,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima. Goti liache, si habari.

Nilipomaliza kusoma nilikaa na buibui langu begani, sijui kama nalivua au nalivaa. Kisha nikaenda kwa Mugure kwanza, kwa sababu nilijua nikichelewa nitatafuta mtu mwingine wa kulaumu. Nilimwambia yote. Alishika kichwa, akasema nyota ya kwanza ilikuwa yake. Tutawaambia wengine siku ya kikao, tukiwa wawili.

Rhonda nilienda peke yangu. Sundus nilimkuta uani kwa mama yake akichambua mchele. Alisimama akanipa mkono, akanitolea kiti, akaniletea chai. Nilitamani anitukane. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikudhania mwizi ukiwa nyumbani mwako mwenyewe." Akajibu ameshanisamehe zamani, na nilipomtazama niliona anasema kweli, na hilo liliniuma zaidi.

Nilimuuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema ningedhani anawasingizia rafiki zangu ili ajifunike. Ninajijua, Yaseen. Ndivyo hasa ningesema.

Tumezungumza mpaka chai ikapoa. Amekubali kuendelea na yale maombi ya kutufanya turudi kwenye ramani. Ogada amemwambia huenda yakakubaliwa na huenda yasikubaliwe. Tumeondoa zile nyota za chama zilizotoka simu yangu na ya Mugure, nyingine zitangoja kikao. Simu ya biashara nimemwachia yeye, kwa hivyo ukiipiga ataishika yeye, akipenda. Akipata kazi, nitapika. Lakini nilipomwomba arudi nyumbani alitikisa kichwa, na nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza sukari.

"Mama, wewe hukuwahi kuniamini. Nilijua, na nilikuwa nimezoea, ningekaa nawe hivyo hivyo mpaka uzeeni. Yaseen ndiye aliyeniamini. Halafu siku moja akapiga simu akaniomba password. Hakuniuliza kumetokea nini. Angeuliza tu."

Mimi ndiye niliyekutia maneno hayo mdomoni na nitayabeba, lakini mdomo ulikuwa wako. Ulinituma nikamwambie umejua. Nimemwambia. Alisema, "Sawa," kama alivyokwambia wewe, na sasa nimeelewa ile sawa yake haikuwa ya mtu mwenye hatia.

Usinitume tena. Jana nimekaa nikasoma tena haya yote tuliyoandikiana tangu Aprili. Wewe unaniuliza goti, mimi nakuuliza joto la huko. Umenituma nimsalimie Mugure na chama kizima. Kila barua inamtaja Sundus, na hakuna hata moja ambamo mimi au wewe tumeuliza yeye yu hali gani.

Hii usinijibu mimi. Mwandikie mkeo, na uanze kwa salamu.

Mama yako