Kontra Uliyoificha Kwenye Mkebe

Kaka yangu Kambale,

Unanisikia? Ndivyo tulivyokuwa tunaanza kwenye phonie, na sijui njia nyingine ya kuanza na wewe. Huku Walikale wanaijua habari yetu nusu nusu, kwa hiyo barua hii naiacha wazi, anayetaka asome.

Wewe ndiye uliyenifundisha ile redio. Tulishuka kutoka Butembo vita ikiwa bado mbichi, ukafungua duka kwenye njia ya kwenda machimbo ya Omate, mimi ukaniweka kwenye phonie, betri ya gari chini ya meza. Wachimbaji walikuja na udongo hadi kwenye kope, wakituma habari nyumbani: niko muzima, mutoto apelekwe hospitali, mbuzi isiuzwe. Ulinipa sheria moja. "Ujumbe ukiupokea, urudilie neno kwa neno mbele ya mwenyewe. Muntu asiporudilia, hakusikia." Nikisahau, ulitangazia foleni yote kwamba mudogo wako ana masikio ya mapambo. Nilinuna, halafu nikacheka na mimi.

Kisha kampuni ya simu ikaja, ikasimamisha antene kilimani. Tulifurahi, nisiwe mnafiki. Lakini kontra, ule mkataba waliotuletea sisi wenye maduka, ilisema anayeuza kadi zao asiuze za kampuni nyingine, wala asiwe na phonie. Na kilima walikikodi chote, mwingine asipate pa kuweka antene yake. Tulisaini wote. Phonie tukaipandisha darini, tukaifunika na gunia. Wenzetu nakala zao walifungia karanga. Wewe peke yako ulitunza yako, kwenye mkebe wa maziwa ya unga.

Halafu vita ikawaka tena upande wa Masisi. Watu wa Nyamitaba walipita mbele ya duka na magodoro kichwani. Mafuta ya jenereta ya antene yalikwama Hombo, na simu zote zikafa siku moja. Mama Furaha, muuza maharage jirani yetu, akaja mbio. "Kavugho, niitie Papa Furaha kule Omate. Asitoke leo, barabara iko mubaya." Nikaangalia dari, nikakuangalia wewe. Ukasema, "Tukiishusha watatufungia duka. Na kule Omate pia walisaini, nani atatuitika?" Ulisema kweli, na kweli hiyo bado inaniuma. Mumewe alitoka bila kujua, akarudishwa kwa kipoyi, wanaume wanne wakibadilishana mabega. Mguu mmoja haukupona.

Siku ile ulilia, Kambale. Wewe njo ulisema, si mimi: "Tutawashitaki. Sheria haikubali kampuni moja ifungie bengine mulango." Watu wakatucheka, dua la kuku halimpati mwewe. Ukawajibu kwamba kuku wakiwa wengi, mwewe anakosa pa kutua. Tulizunguka soko kwa soko hadi Hombo tukikusanya saini, na asiyejua kuandika akaweka kidole. Muchunguzi wa mawasiliano kule Goma akazipokea, akasema hazitoshi, anataka kuiona kontra yenyewe. Ukaniambia nitangulie na Mama Furaha. Wewe ungekuja Jumatatu na ule mkebe.

Jumatatu tulikaa kwenye benchi tangu ofisi ilipofunguliwa. Kila mlango ukilia nilisimama. Mchana muchunguzi akatuita ndani, mkononi ana barua yako, imefika badala yako. Akaisoma. Nikamwomba aisome tena, halafu nikairudilia neno kwa neno: kampuni haijanikataza kitu, sina kontra yoyote, dada yangu ana hasira zake na alinisukuma.

"Mama, mbona unarudilia?" akauliza.

"Nahakikisha nimesikia."

Mama Furaha akanishika mkono, tukatoka barabarani.

Niliporudi, duka letu lilikuwa limepakwa rangi ya kampuni. Wewe njo ulikuwa grossiste, muuza jumla, peke yako, kila duka kwenye barabara hii lichukue kadi kwako ama likae bila. Baadaye ukahamia Butembo bila hata kuniaga. Kampuni siichukii kama ninavyokuchukia wewe, acha niseme wazi. Kampuni haikunibeba mgongoni tukivuka mto Oso nikiwa na homa. Wewe ulinibeba. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, ila hawakutuambia nguo yenyewe inavuliwa vipi.

Sasa sikiliza. Amekuja muchunguzi mpya. Faili yetu haikutupwa. Anasema kontra ikionekana, kesi inafunguliwa, na kampuni nyingine inaweza kupandisha antene yake hapa. Mkebe unao. Nakujua, hujawahi kutupa karatasi. Sikuombi uniombe msamaha, hiyo utajua mwenyewe na padri wako. Leta kontra. Kila Jumapili baada ya misa Mama Furaha, mumewe kamwegemea begani, ananiuliza kama umejibu. Nimechoka kumwambia bado.

Ulinifundisha kwamba "terminé", tumemaliza, haisemwi kama mwenzako bado ana deni la jibu. Unasema "à vous", zamu yako, unaachia kitufe, unangoja. Phonie nimeishusha darini na betri imejaa. Kila asubuhi saa moja niko kwenye frekwansi yetu ya zamani.

À vous.

Mudogo wako,
Kavugho